Sura ya Tisa: Mashine Inayougulia Nyumbani

Koplo alikuwa mwanamke mwoga, na hakuona haya kulisema. Waoga huchungulia kabla ya kuingia, hugeuka nyuma wakiwa njiani, na hawamwamini mtu kwa sababu tu anacheka vizuri. Kwa sifa hizo alidumu polisi mpaka wakamstaafisha, naye akaondoka na cheo ambacho watu waliendelea kumwita kama jina. Sasa alikula kwa kuchunguza mambo ambayo kituo cha polisi kilikuwa kimeyacheka, na hili la mchana ule lilikuwa limechekwa vya kutosha.

Aligonga mlango wa juu kabisa wa ngazi. Kimya. Akagonga tena, akasikia mtu akipumua upande wa pili.

"Nani?"

"Koplo. Dada yako ndiye kanituma."

"Sema kitu ambacho dada peke yake anakijua."

Koplo alikuwa ameshaambiwa kwamba ataulizwa hivyo. "Kasema ulipokuwa mtoto ulikuwa hulali bila kijiko mkononi."

Mnyororo ukateremka, kisha komeo, kisha kufuli la kununua dukani ambalo lilionekana jipya. Binti aliyefungua alikuwa mfupi, amejifunga khanga juu ya suruali, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Hawa wanaocheza gemu za kompyuta za mashindano walimjua kwa jina moja tu, Siafu, na wengi wao waliwahi kulala na viatu kwa kumwogopa. Hapa kwake, Siafu alimwamkia Koplo shikamoo huku akiangalia nyuma ya bega lake, ngazini, kama kuna mwingine.

Kilikuwa chumba kikubwa chenye bafu lake. Kitanda, meza pana, kiti cha magurudumu, na kona moja iliyokatwa kwa pazia zito ambayo ndiyo ilikuwa kabati ya nguo. Karibu na mlango lilisimama begi limeshafungwa.

Koplo alilijua begi hilo maana yake. Dada mtu na mumewe walikuwa njiani kuja kumchukua Siafu akaishi kwao mpaka akili yake itulie. Dada alimpa Koplo kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa: azunguke chumba, amwambie mtoto kwamba hakuna mtu anayeingia humu, ili aondoke kwa amani bila kulia kwenye gari. Koplo alikubali. Alipoyakumbuka makomeo yale ya mlangoni alijuta kidogo kukubali.

"Haya mwanangu, nieleze. Anza na kitu cha kwanza kilichokutia hofu."

"Kiti," alisema Siafu. "Nilirudi nikakaa, miguu ikaning'inia. Mimi huwa nakanyaga sakafu. Polisi wakaniambia kimejipandisha."

Koplo akakikalia. Akapapasa chini kutafuta kishikio cha kukipandisha na kukishusha, akakipata, akakivuta. Kiti hakikusikia. Akavuta tena, akakibonyeza, akakitikisa.

"Hicho kimevunjika," Siafu akasema. "Unajiinua kidogo, halafu unakivuta kwa nyuma na vidole viwili. Mpaka ukizoee. Hakuna anayekiweza ila mimi."

Koplo akajaribu mpaka kiuno kikamlilia, akanyanyuka. Alisimama akikitazama kiti kile kwa muda, na kazi nyepesi ikaanza kumwia nzito.

"Viti vya gesi hushuka vyenyewe vikizeeka," alisema. "Kupanda, havipandi vyenyewe."

Siafu akakaa kitandani ghafla. "Kwa hiyo mimi sina wazimu."

"Hilo sijalisema. Nimesema kiti hakipandi chenyewe. Cha pili ni nini?"

Cha pili kilikuwa mezani. Kompyuta mpakato, nene, ile ya watu wa michezo, iliyonunuliwa kwa kazi moja tu ya kukimbia. Siafu aliieleza kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mtoto wake. Siku moja alikwenda kufanya mazoezi kwenye ukumbi wao, ambako hutumia mashine za ukumbi, yake akaiacha hapa. Umeme ukakatika kule, akarudi mapema. Akaingia, akapitiliza bafuni kuoga. Maji yakiwa yanamwagika akasikia kama mlango umejifunga. Akatoka mbio na povu kichwani. Hakukuwa na mtu. Akajiambia ni upepo, akakaa kwenye mashine ajitulize kwa mchezo mmoja, na mchezo ukaanza kujikokota.

"Prosesa, ule ubongo wake, ilianguka, Koplo. Si kupungua. Kuanguka. Nanyanyua bunduki, inafika nikiwa nimeshakufa. Tangu siku ile mpaka leo."

"Umeipeleka kwa fundi?"

"Shemeji ndiye aliyeipeleka, mimi nilikuwa naogopa kutoka. Mume wa dada. Fundi akatoa vumbi. Akaiwasha kule, ikakimbia vizuri. Shemeji akairudisha, nikaiwasha hapa, ikajikokota. Akaipeleka tena. Fundi akaweka dawa mpya ya kupoozea prosesa. Kule nzima. Hapa mgonjwa." Akashusha sauti. "Shemeji akasema, kwa upole tu, labda anayeumwa si mashine. Tangu hapo kila mtu ananiangalia hivyo."

Koplo akavuta kiti, akakaa, akafungua kifuniko. Miaka yake ya mwisho polisi aliimaliza katika kitengo cha kompyuta, akikamua mashine za matapeli. Alikuwa na desturi zake. Alianza na mlaji, kisha joto, kisha chakula.

"Unadhani ni nini wewe?"

"Nadhani kuna mtu kaniwekea kitu cha kunichungulia. Ndicho kinachoila prosesa." Kamera ya juu ya skrini ilikuwa imezibwa kwa plasta ya kidonda.

"Tuone mlaji."

Akafungua kidirisha kinachoonyesha kila programu na sehemu yake ya kazi, akaipitia mstari kwa mstari, polepole, na Siafu akisimama nyuma yake akiuma kucha. Hakukuwa na mlaji. Prosesa ilikuwa karibu haina kazi, na bado kasi yake ilikuwa chini kabisa, haipandi hata alipofungua mchezo mzito.

"Angekuwa amebebeshwa mzigo ungeuona mzigo," Koplo akasema. "Huyu hana mzigo. Kafungwa miguu."

Siafu hakufarijika. Koplo akaweka kiganja juu ya kibodi, kisha chini ya tumbo la mashine. Baridi. Feni haikuzunguka hata kidogo. Akatafuta kipimo cha joto, nacho kikasema hivyo hivyo.

"Mashine ikichemka hujipunguza mwendo yenyewe isiungue. Ndiyo maana fundi wako kahangaika na vumbi na dawa. Lakini hii haina homa." Akatoa simu. "Nipe namba yake."

Tuseme kweli, fundi ndiye aliyekuwa amemwingia Koplo kichwani mpaka hapo. Fundi ndiye aliyeishika mashine akiwa peke yake, fundi ndiye angeweza kuiharibu ili aitwe tena na tena, na mafundi wa namna hiyo Koplo aliwafunga wengi. Fundi alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuna.

"Hii mashine ya Siafu," Koplo akasema baada ya kujitambulisha. "Umeshafika kwake?"

"Sijui hata anakaa wapi. Analeta shemeji yake."

"Analeta nini na nini?"

"Mashine."

"Peke yake?"

"Kwenye mfuko, peke yake. Mama, mimi nimeifanyia kila kitu. Hapa kwangu inaruka. Wakisema kwao inaumwa mimi nifanye nini, nihamie?"

"Hapo kwako unaiwashia chaja gani?"

"Ya kwangu ya dukani. Ile kubwa."

"Na ya kwake hujawahi kuiona."

Utafunaji ukasimama. "Hapana," fundi akasema. "Sikuletewa." Akameza tonge. "Ningeuliza, eti?"

"Ungeuliza," Koplo akasema, akakata.

Kilikuwa kimebaki chakula. Akaangalia waya mweusi wa umeme ulioingia ubavuni mwa kompyuta. Akaushika kwa vidole viwili na kuuchomoa.

Skrini ikafifia kidogo, alama ya betri ikajitokeza, na palepale askari wa kwenye mchezo, aliyekuwa akitembea kama aliyekunywa dawa ya usingizi, akaanza kukimbia. Siafu akaacha kuuma kucha. Koplo akauchomeka waya. Askari akajikokota. Akauchomoa. Akakimbia.

"Hujawahi kucheza bila chaja?"

"Betri imekufa hiyo, hainifikishi popote. Haijawahi kutoka kwenye umeme." Siafu alikuwa ananong'ona. "Koplo, inawezaje kupona kwa kunyimwa umeme?"

"Mashine kubwa ikipewa chaja isiyoitosha, inajizuia isije ikaivuta mpaka ikaiunguza. Inajifunga miguu yenyewe, kwa adabu. Ukiitoa hiyo chaja, inarudi kutegemea betri yake, inachangamka mpaka betri iishe. Ugonjwa haukuwa kwenye mashine. Wala haukuwa kwako."

Akapiga magoti, akaingia chini ya meza. Huko nyuma kulikuwa na boksi la mbao ambamo Siafu alificha waya zake zote, na ndani yake ekstensheni na vumbi la kutosha. Koplo alikohoa, akaufuata waya kwa mkono mpaka kwenye kitofali cheusi cha chaja, akatoka nacho kinyumenyume. Akavaa miwani. Kitofali kiliandikwa wati mia na thelathini. Akaigeuza kompyuta, akasoma tumboni. Yenyewe ilidai mia na themanini.

"Umeinunua wapi hii?"

Siafu alikuwa anakitazama kitofali kile kwa namna ambayo Koplo hakuipenda.

"Kigeuze," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwenye mashindano tunakaa watu wengi meza moja, chaja zote zinafanana, ukizubaa unaondoka na ya mwenzako. Kila mchezaji ana alama yake. Mimi natia mstari wa rangi ya kucha. Kijani."

Koplo akatazama mezani na kuona kile ambacho alikuwa amekiona tangu mwanzo bila kukitia maanani. Kipanya kilikuwa na mstari wa kijani. Hedifoni zilikuwa na mstari wa kijani. Hata kikombe. Akakigeuza kitofali. Kilikuwa cheusi mgongoni, cheusi tumboni, kisafi pande zote.

"Hii si yangu," Siafu akasema.

Chini barabarani mtu alikuwa akiburuza lango la chuma, sauti ya kawaida kabisa ya mchana, na wote wawili wakaruka.

"Mwizi angechukua akaondoka," Koplo akasema. Alizungumza polepole kwa sababu kila alichokisema kilimtisha yeye mwenyewe kwanza. "Huyu kaacha yake. Maana yake kachanganya. Alikuwa na kompyuta yake, ya ukoo huu huu, ndogo kidogo. Chaja ina umbo lile lile na ncha ile ile. Aliichomeka kwenye ekstensheni yako, kando ya yako. Na mtu hachomeki chaja mahali anapopita, mwanangu. Anachomeka mahali anapokaa."

"Kwenye kiti changu."

"Kwenye kiti chako. Alikipandisha kimfae. Amekaa humu mara nyingi, mpaka akakizoea. Siku ile hakukutegemea."

Aliona usoni mwa Siafu kwamba binti alishafika mwisho wa hesabu kabla yake.

"Nilipoingia alikuwa humu," Siafu akasema.

"Ndiyo."

"Nilivua nguo, nikaenda kuoga, na alikuwa humu."

Wote wawili wakageukia pazia. Koplo alijua hakukuwa na mtu nyuma yake. Alijua kabisa, kwa akili. Hata hivyo alichukua ufagio uliokuwa ukutani, akalisukuma pazia kwa mpini, yeye akiwa mbali kadiri mpini ulivyomruhusu. Kulikuwa na magauni mawili, makoti, na nafasi ya kutosha ya kusimama mtu mzima.

"Alisubiri maji yafunguliwe," alisema, "akainama chini ya meza akavuta waya kwa pupa, akashika usio wake, akatoka; wewe ukachomeka ule alioacha. Na hajui. Chaja kubwa haisumbui mashine ndogo. Wewe ndiye uliyeugua, yeye hajasikia kitu. Mpaka saa hii anatembea na chaja yako."

"Nani?"

"Nani ana ufunguo?"

"Mwenye nyumba. Lakini yeye mzee, simu yenyewe anabonyezewa na wajukuu." Siafu akajikumbatia. "Na wa akiba nilimpa dada. Ulipotea kwao. Shemeji aliutafuta nyumba nzima, hakuuona."

Koplo alilisikia hilo, akalichukia, akaliweka kando. Kumng'ang'ania mshukiwa mapema lilikuwa kosa aliloliona likiharibu kesi nyingi, za kwake zikiwemo. Ufunguo uliopotea unaweza kuokotwa na mtu yeyote. Watu wenye kompyuta za ukoo huu wamejaa maofisini. Alikirudisha kitofali kigeni ndani ya boksi, akachomeka waya kama ulivyokuwa.

"Wakija, usiseme neno kuhusu chaja. Hata kwa dada yako. Umesikia?"

"Kwa nini hata kwa dada?"

Hatua zikasikika ngazini, za watu wawili, na sauti ya mwanamke ikiita jina la utotoni la Siafu. Koplo akasoma namba ya mlinzi wa jengo iliyobandikwa nyuma ya mlango, akasogea dirishani, akaipiga.

"Panda huku juu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukae ngazini, usigonge."

"Kuna nini, mama?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nakwambia upande."

Dada mtu aliingia kwanza, mrefu kuliko mdogo wake, khanga mkononi na huruma usoni. Alimkumbatia Siafu mpaka akamwinua. Mumewe alimfuata akiinamisha kichwa mlangoni. Alikuwa mrefu kweli, nadhifu, mwenye sauti ya taratibu ambayo ingefaa kusomea watoto hadithi, na begani alining'iniza mkoba wa kazini.

"Shemeji yangu," alimwambia Siafu. "Pole. Leo yanaisha haya." Akamgeukia Koplo akitabasamu. "Afande, vipi? Umemkamata jini?"

"Bado namwandikia hati," Koplo akasema, na wote wakacheka, isipokuwa Siafu.

"Basi malizieni mizigo, mimi nitume ripoti moja ya ofisini hapa, tuondoke." Akalisogeza begi la nguo likakaa karibu na mguu wake, akavuta kiti cha Siafu mezani, akakaa. Akatoa kompyuta yake mkobani, akainama akaupitisha waya wa chaja yake chini ya meza mpaka kwenye ekstensheni. Hakuuliza soketi iko wapi. Kisha, macho yake yakiwa kwenye skrini, akajiinua kidogo, mkono wa kulia ukashuka pembeni, na vidole viwili vikavuta kwa nyuma.

Kiti kikapanda taratibu, kikitoa pumzi.

Koplo alimtazama Siafu na kuomba asiwe ameona. Alikuwa ameona. Rangi ilimtoka, akashika kichwa cha kitanda, na dada yake akadhani ni ule ugonjwa.

"Jamani kaa chini, mdogo wangu. Umekula kweli leo?"

Sasa Koplo alikuwa na kiti, na kiti hakisimami mahakamani. Alikuwa na kishikio, na wakili yeyote angesema ni bahati. Mtu mwenyewe alikaa kati yao na mlango, akibonyeza kibodi kwa utulivu, na baada ya dakika chache angebeba begi lile na kumpakia binti kwenye gari, kwenda kuishi naye nyumba moja. Koplo alikuwa anaogopa kwelikweli. Aliogopa mikono yake ile mirefu, na zaidi aliogopa kukosea. Akalazimisha sauti yake iwe ya kizembe.

"Shemeji, samahani. Hebu niazime chaja yako kidogo. Ya huyu mtoto imenigomea, na nataka niiwashe mashine mara moja tu, niandike kwamba nimeikagua na ni nzima."

"Chukua tu." Hakusita hata kidogo. Akauchomoa waya ubavuni mwa kompyuta yake, akampa ncha mkononi. "Hiyo haijawahi kunisumbua."

"Ahsante."

Koplo akautoa waya wa zamani na kuchomeka huu. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha skrini ikang'aa, na ndani ya tumbo la mashine feni ikaanza kuzunguka, kwa chini, ikapanda, ikazidi kupanda, mpaka uvumaji wake ukajaza chumba kizima. Mezani askari wa kwenye mchezo alikuwa anakimbia huku na huku kama aliyefunguliwa kamba.

"Mnaona?" shemeji akasema kwa furaha. "Nzima. Nilisema mimi."

"Imeponaje?" dada mtu akauliza. Alikuwa ameacha kukunja shuka. "Si ilikuwa inaumwa kila ikiwa hapa?"

Siafu alikuwa ameshaondoka kitandani. Aliingia chini ya meza, karibu kabisa na miguu ya mwanamume yule, na Koplo akataka kumzuia lakini hakuwahi. Alipotoka alikuwa ameshika kitofali cheusi. Akakigeuza, akamwonyesha dada yake. Mstari wa kijani ulipita katikati ya mgongo wake, mnono, wa mtu aliyepaka bila kuharakisha.

"Imerudishiwa chaja yake," Koplo akasema.

Shemeji aliuangalia mstari ule. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekumbuka jambo. "Aa, basi tulichanganya. Zinafanana sana hizi. Itakuwa siku ile nilipokuja kuichukua mashine kuipeleka kwa fundi. Nilikuwa na mkoba wangu."

"Siku hiyo ulibeba mashine peke yake," Koplo akasema. "Fundi kaniambia."

"Basi nilichukua chaja nikaiacha kwenye gari. Afande, ni chaja tu."

"Ni chaja tu. Ila ulikuja kuichukua mashine kwa sababu ilikuwa tayari inaumwa, shemeji. Na iliumwa kwa sababu chaja ilikuwa tayari imebadilishwa. Kwa hiyo ni siku ya kabla ya hapo. Ulikuja lini kabla ya hapo?"

Alifungua mdomo, na aliyejibu hakuwa yeye.

"Hajawahi kuja kabla ya hapo," dada mtu akasema. Alikuwa anaongea na shuka aliloshika, akipanga maneno. "Mdogo wangu alipohamia hapa, yeye alikuwa safarini. Siku ya kuichukua mashine ndiyo mara yake ya kwanza kufika. Alinipigia simu akiwa hapo chini. Akaniuliza ni ghorofa ya ngapi." Akanyanyua uso. "Uliniuliza mlango wa rangi gani."

Feni iliendelea kuvuma. Shemeji hakumwangalia mkewe. Hakuiangalia chaja wala Koplo. Mkono wake ulitambaa mezani ukafika kwenye kompyuta yake, ukaifunga kifuniko, polepole, na kiganja kikabaki juu yake.

Mpaka hapo dada mtu alikuwa bado anatafuta njia ya kumtetea; Koplo aliiona njia hiyo usoni mwake, na akaiona ikizibika.

"Ifungue," dada mtu akasema.

"Mke wangu, twende nyumbani tukaongee."

"Kuna nini humo? Ifungue."

Shemeji akasimama. Alipokuwa amesimama chumba kilionekana kidogo sana. Akachukua mkoba kwa mkono mmoja na kompyuta kwa mwingine, akageuka, na Koplo akajikuta amesimama mbele ya mlango na ufagio mkononi. Hakukumbuka kuuokota.

"Nipishe, mama."

"Siwezi," Koplo akasema. Sauti ilimtetemeka na hakuificha. "Nikikupisha nitaogopa maisha yangu yote."

Akapiga mlango teke la kisigino. Ukafunguka nyuma yake, na mlinzi alikuwepo ngazini, ameshika rungu, akitazama mmoja mmoja kutafuta ni nani alipaswa kumwogopa. Shemeji akatazama upana wa mlinzi, kisha akairudisha kompyuta mezani kwa uangalifu, kama aliyekuwa ameiazima.

Dada mtu alivuka chumba. Alipita mbele ya mumewe bila kumgusa, akaliinua lile begi la nguo lililokuwa miguuni pake, akalirudisha ndani, nyuma ya kitanda, mbali na mlango. Kisha akamkalisha mdogo wake kwenye kile kiti.

Miguu ya Siafu ikaning'inia. Akajiinua kidogo, akavuta kwa nyuma na vidole viwili, na kiti kikashuka naye mpaka nyayo zake zikagusa sakafu. Hapo ndipo alipoanza kulia.